Nani kati ya wanaocheza besiboli leo ataingia Cooperstown? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Takwimu zilizo hapa zinaishia mwisho wa msimu wa 2025. Ukikuta mtu ameongeza homurani tano tangu hapo, mwongezee, hoja itabaki ileile. (Homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio, mpigaji akazunguka besi zote, yaani vituo vya uwanjani.)

Cooperstown ndiyo nini?

Ni mji mdogo katika jimbo la New York, mbali na makelele ya jiji, ambako uko Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli. Wachezaji watano wa kwanza walichaguliwa 1936: Ty Cobb, Babe Ruth, Honus Wagner, Christy Mathewson na Walter Johnson. Jengo lenyewe lilifunguliwa 1939. Anayechaguliwa hutengenezewa kibao chenye sura yake na maelezo mafupi ya aliyoyafanya, kikatundikwa ukutani pamoja na vya wenzake. Hapewi pesa. Lakini waulize wachezaji wenyewe wanataka nini baada ya kustaafu, wengi watakutajia hicho kibao.

Kwa hiyo mtu anayecheza bado anaweza kuchaguliwa?

Hawezi. Ni lazima awe amecheza misimu isiyopungua 10 katika ligi kuu, MLB, kisha akae nje miaka 5. Clayton Kershaw, mrushaji wa timu ya Dodgers, kwa mfano, alicheza msimu wake wa mwisho 2025, basi jina lake litasomwa katika kura ya 2031. Albert Pujols na Yadier Molina walioacha 2022 wanasubiri 2028.

Kanuni hizi zimewahi kulegezwa kwa sababu ya kifo. Roberto Clemente alikufa tarehe 31 Desemba 1972 ndege iliyobeba misaada ya wahanga wa tetemeko la Nicaragua ilipoanguka, akaingizwa 1973 bila kungoja. Alikuwa na hiti (kupiga mpira na kufika besi salama) 3,000 kamili, si moja zaidi. Addie Joss naye alicheza misimu 9 tu kabla ya kufariki 1911, akasamehewa huo mmoja na kuingia 1978.

Kwa hiyo tunapobishana kuhusu wanaocheza sasa, tunabishania kura zitakazopigwa miaka mingi ijayo na watu ambao baadhi yao leo hawana hata haki ya kupiga kura.

Kura zinapigwa na nani?

Na waandishi wa habari za besiboli ambao wamekuwa wanachama wa chama chao kwa miaka 10 mfululizo. Kila mmoja anaruhusiwa majina yasiyozidi 10, na akitaka anaweza kurudisha karatasi tupu. Mchezaji anahitaji asilimia 75. Akipata chini ya asilimia 5 anaondolewa. Akibaki kati ya hapo anarudi mwaka unaofuata, mpaka miaka 10 iishe.

Miaka hiyo 10 ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Scott Rolen alianza 2018 na asilimia 10.2, akaingia 2023. Larry Walker na Billy Wagner waliingia katika mwaka wao wa mwisho. Aliyestaafu hapigi tena mpira hata mmoja, lakini waandishi wanabadilika, na vipimo vinabadilika nao.

Ukishindwa kote huko, kuna kamati ya watu 16 inayopitia waliosahauliwa. Kura 12 zinatosha. Wakati mwingine kamati hiyo inarekebisha dhuluma. Wakati mwingine inamwingiza Harold Baines, mpigaji mzuri aliyekuwa hajawahi kuvuka asilimia 7 kwa waandishi, na tangu 2019 kila shabiki ana hoja ya "kama Baines yumo, kwa nini wangu asiwemo?" Ukiisikia hoja hiyo, jua aliyeitoa ameishiwa na nyingine.

Ni namba gani zinamhakikishia mtu nafasi?

Zamani zilikuwa tatu: ushindi 300 kwa mrushaji, hiti 3,000 au homurani 500 kwa mpigaji. Binafsi naona kizazi hiki kipimwe bila namba hizo.

Chukua ushindi 300. Wa mwisho kuufikisha ni Randy Johnson, mwaka 2009. Tangu hapo mchezo wenyewe umegeuka: makocha wanahesabu mirusho, na mrushaji aliyekuwa akimaliza ingwe (vipindi vya mchezo) zote tisa sasa anatolewa ya tano au ya sita, hata kama anaongoza. Ushindi huandikwa kwa jina la mtu mmoja, wakati kazi imefanywa na watano. Kumdai mrushaji wa 2025 ushindi 300 ni kumdai kitu ambacho mwajiri wake amemkataza kukitafuta.

Homurani 500 ziliharibiwa na dawa za kuongeza nguvu. Barry Bonds ana 762, rekodi ya MLB, na tuzo 7 za Mchezaji Bora wa Ligi. Roger Clemens ana ushindi 354 na tuzo 7 za Cy Young, ambayo ndiyo tuzo ya mrushaji bora. Wote wawili walimaliza miaka yao 10 mwaka 2022 wakiwa na asilimia kama 65 hivi, nje. Kama namba zingetosha zenyewe, hao wangeingia siku ya kwanza.

Leo wengi hutumia WAR, kipimo kinachokadiria mchezaji ameiongezea timu yake mechi ngapi za ushindi kuliko ambavyo mchezaji wa akiba angefanya. Kinasaidia, ila si msahafu. Mimi huanza na swali jepesi zaidi: kwa miaka mingapi huyu alikuwa miongoni mwa watatu au wanne bora duniani katika nafasi yake? Ikifika saba au minane, nimetosheka.

Nani angeingia hata akistaafu kesho?

Justin Verlander na Max Scherzer, bila kupoteza muda. Kila mmoja ana Cy Young 3 na ubingwa wa World Series, fainali ya MLB, mara 2. Verlander ana ushindi 266, amewatoa wapigaji zaidi ya 3,500 kwa straiki tatu (mirusho mizuri waliyoshindwa kuipiga), na mara tatu amemaliza mechi nzima bila kuruhusu hiti hata moja: 2007, 2011 na 2019. Scherzer, yule mwenye macho ya rangi mbili, aliwatoa wapigaji 20 katika mechi moja Mei 2016, sawa na rekodi ya mechi ya ingwe tisa, na mwaka 2025 akiwa na miaka 41 ndiye Toronto ilimpa mpira aanze mechi ya saba ya fainali.

Mookie Betts: Mchezaji Bora wa 2018, mabingwa mara 4, tuzo ya ulinzi ya Glovu ya Dhahabu mara 6 akiwa uwanja wa nje upande wa kulia. Kisha mwaka 2025, akiwa na miaka 32, wakamhamishia katikati ya besi ya pili na ya tatu, sehemu ngumu kuliko zote za ndani, na akaimudu. Mpira uliomaliza fainali ya 2025 ulipita mikononi mwake. Watu wanaoangalia kupiga tu hawamwoni vizuri huyu.

Freddie Freeman: kuna wanaomwita mzuri wa muda mrefu asiyekuwa bora kabisa. Ana hiti zaidi ya 2,400, alikuwa Mchezaji Bora wa 2020, mabingwa mara 3. Na Oktoba 2024, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Yankees, kifundo cha mguu kikimuuma, besi zote zimejaa, timu iko nyuma, watu wawili wameshatolewa, akapiga homurani iliyomaliza mechi. Haikuwahi kutokea katika historia ya World Series. Mwaka mmoja baadaye akamaliza nyingine kwa homurani katika ingwe ya 18. Waandishi ni binadamu, mambo kama hayo hawayasahau wakishika kalamu.

Mike Trout hajashinda chochote na timu yake. Kwa nini anatajwa kila mahali?

Kwa sababu George Weah hakucheza Kombe la Dunia hata mara moja, na hakuna anayeuliza kama alijua mpira.

Trout amecheza mchujo mara moja tu, 2014, timu yake ya Angels ikafungwa mechi tatu kwa sifuri na Kansas City. Huo ni ukweli na unauma. Lakini besiboli haimruhusu mtu mmoja kuibeba timu: mpigaji anapata zamu nne au tano kwa mechi, basi, halafu anakaa kusubiri wenzake wanane. Kati ya 2012 na 2019, miaka minane, Trout alikuwa wa kwanza au wa pili katika kura ya Mchezaji Bora mara saba. Alishinda tatu. Mwaka ule wa nane, 2017, alikuwa wa nne na alikuwa ameumia kidole.

Tangu 2021 majeraha yamemla. Mechi 36 mwaka huo, 82 mwaka 2023, 29 tu mwaka 2024. Alirudi 2025 akafikisha homurani 400. Wanaosema angekuwa mkubwa zaidi ya hapa wako sahihi, ila swali la Cooperstown ni kama alichokwisha kufanya kinatosha, na kilitosha zamani, kabla hajafikisha miaka 28.

Ohtani je? Si ana misimu michache?

Shohei Ohtani alianza MLB 2018, kwa hiyo msimu wa 10 ni 2027. Msimu unahesabiwa hata ukicheza mechi moja, hivyo kikwazo hicho ni cha karatasi tu. Miaka yake ya Japani haihesabiki kwenye hiyo 10, japo hakuna mwandishi atakayejifanya haijui.

Mengine ni vigumu kuyaandika bila kuonekana unatia chumvi. Mchezaji Bora wa Ligi mara 4, na kila mara wapiga kura wote walimweka namba moja: 2021 na 2023 akiwa American League, 2024 na 2025 National League, ligi mbili zinazounda MLB. Mwaka 2024, akiuguza kiwiko asiweze kurusha, alipiga homurani 54 na kuiba besi 59 (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa). Hakuna aliyewahi kufikisha 50 na 50. Tarehe 17 Oktoba 2025, mechi iliyowapeleka Dodgers fainali, alirusha ingwe sita bila kuruhusu mkimbio (alama), akawatoa 10 kwa straiki, na usiku huohuo akapiga homurani 3. Kuna watu wameingia Cooperstown bila kuwa na usiku mmoja unaokaribia huo.

Watauliza habari ya mkalimani wake. Ippei Mizuhara alikiri kumwibia karibu dola milioni 17 kulipia madeni ya kamari, akafungwa. Wachunguzi walimchukulia Ohtani kuwa aliyeibiwa. Yameisha.

Atapata asilimia 100?

Mpaka leo aliyepata ni mmoja, Mariano Rivera, 2019, kura 425 kati ya 425. Derek Jeter alikosa moja mwaka 2020, Ichiro Suzuki moja mwaka 2025, na waliowanyima hawajajitokeza kujieleza. Siwekei dau.

Aaron Judge alichelewa kuanza. Itamuumiza?

Alianza Agosti 2016 akiwa na miaka 24, ndiyo maana hataweza kulundika namba za jumla kama wengine. Ana homurani 368. Lakini ana msimu wa homurani 62 mwaka 2022, rekodi ya American League, na ubora wa ligi mara tatu: 2022, 2024, 2025. Mwaka huo wa mwisho aliongoza pia kwa wastani wa kupiga, .331, kwa mwili wa futi 6 na inchi 7, ambao kila mtaalamu alisema una eneo kubwa mno la kulinda. Ameshatimiza misimu 10. Yumo.

Jose Altuve ataadhibiwa kwa wizi wa Astros?

Hapa ndipo vijiwe huvunjika.

Mwaka 2017 Houston Astros walitumia kamera iliyokuwa uwanjani kusoma ishara za mdakaji wa timu pinzani, kisha mtu akagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji mrusho gani unakuja. Walichukua ubingwa mwaka huo, na Altuve akawa Mchezaji Bora. Uchunguzi wa ligi ulitolewa Januari 2020: meneja na mkuu wa usajili wakafungiwa mwaka mmoja, klabu ikatozwa faini ya dola milioni 5, ila wachezaji hawakuguswa kwa kuwa waliahidiwa kinga ili waseme.

Upande wa Altuve una hoja. Wachezaji wenzake walisema hakupenda kugongewa pipa, na shabiki mmoja aliyekaa kusikiliza video za mechi za nyumbani za msimu ule alihesabu milio michache sana kwenye zamu zake ukilinganisha na za wenzake. Bila 2017 bado ana ubingwa wa kupiga wa 2014 na 2016, hiti zaidi ya 2,300, na historia ya kijana wa Venezuela wa futi 5 na inchi 6 aliyerudishwa nyumbani majaribioni kwa ufupi, akasainiwa baadaye kwa dola 15,000.

Upande wa pili nao una hoja: kanuni ya kura inataja uadilifu na tabia kwa maneno yasiyo na utata, na kunyamaza wenzako wakiiba si usafi.

Jibu la vitendo limetolewa na Carlos Beltrán. Yeye ndiye mchezaji pekee aliyetajwa kwa jina katika ripoti ile, akapoteza kazi ya umeneja wa Mets kabla ya kuongoza mechi moja. Mwaka wake wa kwanza kwenye kura, 2023, alipata asilimia 46.5. Mwaka 2026 aliingia. Waandishi walimsubirisha, kisha wakamfungulia. Sioni watamfanyia Altuve vibaya zaidi ya hapo. Mimi ningempa kura, lakini si mwaka wa kwanza, na najua msimamo huo una kigeugeu ndani yake, kwa sababu mtu hawi msafi zaidi kwa kukaa foleni.

Jacob deGrom ana ushindi 96 tu. Mnatania?

Hatutanii. Mwaka 2018 aliruhusu wastani wa mikimbio 1.70 kwa ingwe tisa, akachukua Cy Young, na rekodi yake ikasoma ushindi 10, kushindwa 9. Timu yake, Mets, ilikuwa haipigi. Ukitaka ushahidi kwamba ushindi wa mrushaji ni kipimo kibovu, anza na mwaka huo. Akarudia Cy Young 2019.

Tatizo lake ni afya. Kati ya 2021 na 2024 alikuwa nje zaidi ya alivyokuwa ndani. Watetezi wake humtaja Sandy Koufax, aliyestaafu akiwa na miaka 30 na ushindi 165, akaingia 1972 akiwa kijana kuliko wote. Lakini Koufax katika miaka yake mikubwa alirusha ingwe zaidi ya 300 kwa msimu. deGrom hana hizo, na kipimo changu cha miaka saba hakijamfikisha. Msimu wa 2025 alirudi mzima akashinda 12. Akipata miwili zaidi ya namna hiyo nitamwandika.

Chris Sale yuko mbele yake kidogo. Zaidi ya wapigaji 2,500 aliowatoa kwa straiki, miaka mingi ya kukaribia Cy Young bila kuipata, kisha akaipata 2024 wakati kila mtu alishamzika. Sale naona ataingia.

Na warushaji wa kufunga mechi?

Kenley Jansen ameokoa mechi 476 (kuingia mwishoni na kulinda uongozi wa timu), Craig Kimbrel 440. Billy Wagner ameingia na 422, basi mlango uko wazi. Kati ya hao wawili, Kimbrel wa miaka yake ya mwanzo Atlanta alitisha zaidi. Jansen amedumu zaidi. Kipimo changu kinampendelea Kimbrel, waandishi nadhani watampendelea Jansen.

Harper, Machado, Ramírez, Salvador Perez?

Bryce Harper ni karibu ndiyo: Mchezaji Bora 2015 na 2021, homurani 363. Manny Machado anahitaji miaka mitatu ya kawaida tu. José Ramírez wa Cleveland ndiye asiyetendewa haki mdomoni mwa watu. Ana homurani 285 na besi za kuiba 287, hajawahi kuwa Mchezaji Bora, na anacheza mji ambao kamera haziendi. Salvador Perez, mdakaji wa Kansas City, anapendwa sana na ana homurani zaidi ya 300, lakini WAR haimpendi. Kura ya Molina itatuonyesha waandishi wanawatazamaje wadakaji wa aina hiyo.

Juan Soto na vijana wengine?

Subirini.

Aliyewahi kufungiwa kwa dawa ana nafasi?

Kwa waandishi, ndogo. Alex Rodriguez ana homurani 696 na bado anahangaika. Fernando Tatis Jr. alifungiwa mechi 80 mwaka 2022 akiwa bado mdogo. Ana muda wa kujenga hoja nyingine, na wapiga kura wa miaka ya 2040 huenda wakawa na mizani tofauti na ya leo.

Kuna Mwafrika anayekaribia?

Bado. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini ndiye mzaliwa wa kwanza wa bara hili kucheza MLB, tarehe 26 Aprili 2017, na zamu yake ya kwanza kabisa alipiga hiti. Karibu na kwetu, Uganda ndiyo yenye moto: timu ya watoto ya Lugazi ilifika mashindano ya dunia ya Little League 2012, ya kwanza kutoka Afrika, na tangu hapo vijana wa Kiganda wamesainiwa na klabu kama Dodgers na Pirates kwenye ligi zao za chini. Misimu 10 ya ligi kuu iko mbali, ila wa kwanza lazima aanzie mahali.

Kibao kinaonyesha kofia ya timu gani?

Ukumbi ndio wenye neno la mwisho baada ya kuongea na mchezaji. Andre Dawson alitaka Cubs, akavalishwa Expos. Greg Maddux alipewa kofia isiyo na nembo. Kwa wanaocheza sasa, Trout na Judge hawana shida. Verlander ana Detroit, alikokulia, na Houston, alikochukua ubingwa mara mbili. Scherzer naye aliipata Cy Young ya kwanza Detroit na mbili Washington. Ohtani alishinda ubora mara mbili Anaheim akiwa na Angels, mara mbili Los Angeles akiwa na Dodgers, lakini mkataba wake na Dodgers ni wa miaka 10, kwa hiyo mashabiki wa Angels wajiandae kuumia tena.